Jinsi ya Kumpa Mtoto Anayenyonya Vitamini na Dawa ya Damu

Siku ya kupima uzito, benchi la kliniki yetu hapa Kisumu hujaa kabla ya saa mbili asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne nishaulizwa maswali yaleyale. "Nesi, mtoto ananyonya tu, vitamini atatoa wapi?" "Jirani amesema nimnunulie dawa ya kuongeza damu. Nimpe vijiko vingapi?" Na lile la tatu, linaloulizwa kwa kunong'ona: "Tangu nianze kumpa ile dawa, choo chake kimekuwa cheusi kama makaa. Nimemharibu?"

Hujamharibu, tutafika huko. Nimeandika mwongozo huu uwe nao nyumbani saa ile chupa iko mkononi na mtoto analia, kwa sababu kwenye foleni hatupati muda wa kuelezana vizuri. Jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: dawa ya damu, yaani dawa ya madini ya chuma, haipimwi kwa kijiko, wala kwa umri, wala kwa kile alichopewa mtoto wa jirani. Inapimwa kwa miligramu, kulingana na kilo za mtoto wako.

Je, mtoto wako anahitaji?

Mtoto aliyetimiza siku zake tumboni, akazaliwa na kilo 2.5 au zaidi, na hajafika miezi sita, hana haja ya dawa ya damu isipokuwa daktari ameona sababu. Alitoka tumboni na akiba yake ya madini ya chuma, na akiba hiyo humfikisha karibu miezi sita. Kama mkunga alingoja dakika moja hadi tatu kabla ya kubana kitovu, akiba ni nzuri zaidi, maana damu ya kondo iliendelea kumwingia. Maziwa yako yana chuma kidogo, ni kweli, lakini hicho kidogo tumbo la mtoto hukifyonza vizuri kuliko kile cha maziwa ya ng'ombe. Vitamini K hudungwa siku ya kuzaliwa. Angalia kitabu chake kama iliandikwa.

Wengi wenu mna shangazi au dada aliye Marekani, naye ametuma kichupa. Huko madaktari wa watoto hushauri mtoto anayenyonya aanzishiwe matone ya chuma akifika miezi minne, miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, na vitamini D yuniti 400 kwa siku tangu siku za kwanza. Hawajakosea, wanaongea na watu wao. Kwao baridi hukaa miezi na malaria haipo. Kwetu malaria ipo na jua lipo, kwa hiyo kilete kwanza kichupa cha dada kliniki tukisome pamoja.

Kuhusu jua: Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na bado naona watoto wasiolipata. Wanafungiwa chumbani Nyalenda siku nzima na mlezi, shuka tatu, kofia na soksi, saa saba mchana! Mtoe nje asubuhi kwa muda mfupi, uso, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue. Kama hali ya nyumbani hairuhusu, au alizaliwa kabla ya wakati, uliza kuhusu matone ya vitamini D.

Wanaohitaji dawa ya damu mapema ni waliozaliwa kabla ya wakati, waliozaliwa na chini ya kilo 2.5, na mapacha wengi huangukia hapa. Akiba ya chuma huwekwa miezi ya mwisho ya mimba, na hawa hawakuimaliza. Daktari huwaanzishia wakiwa na wiki chache tu, kwa kawaida miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku. Ukitoka hospitali na mtoto mdogo hivi bila kuandikiwa chochote, usiondoke kimya. Uliza.

Wa miezi sita na kuendelea, akiba imekwisha. Huyu anahitaji chakula chenye chuma, vitamini A ya kliniki, na mara nyingine unga wa virutubishi. Nimewaeleza chini.

Simama kwanza, usimpe

Kuna watoto ambao chupa ya dawa ya damu inaweza kuwaletea madhara, na eneo letu la ziwa lina wengi wao.

Wa kwanza ni mwenye homa au malaria ambayo haijatibiwa. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Pemba, kisiwa kilichokuwa na malaria tele. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Habari hiyo ilitikisa watu wa afya dunia nzima. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba pale ambapo malaria inazuiwa na kutibiwa mapema, chuma kinaweza kutolewa bila hatari hiyo. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo kama yetu huunganisha viwili: dawa ya damu iende pamoja na neti, vipimo na tiba ya malaria. Mama wa Nakuru, kule juu mita 1,850 kusiko na malaria nyingi, anaweza kujiona haimhusu. Lakini Desemba akija na mtoto kusalimia wakwe Siaya, inamhusu.

Wa pili ni mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Kwetu Magharibi na Nyanza upo kwa wingi. Damu yake hupungua kwa sababu chembe zake huvunjika, wala si kwa kukosa chuma, na kumjazia chuma bila kipimo ni kumlimbikizia mzigo. Kama nyumbani kuna mtoto mkubwa anayelalamika mifupa kila mara, au aliyewahi kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, sema kliniki kabla ya kununua chochote.

Wa tatu ni aliye kwenye matibabu ya utapiamlo mkali na anakula ile siagi ya karanga ya hospitali. Ndani yake tayari mna chuma na vitamini. Wa nne ni aliyeongezwa damu hivi karibuni, maana damu aliyopewa ina chuma chake. Hawa wote waamuliwe na daktari.

Vitu vya kuwa navyo

Kitabu cha kliniki chenye uzito wa mwezi huu. Chupa ya dawa yenye lebo nzima (iliyobanduka lebo rudisha dukani). Sirinji ndogo ya mililita 1 au 2, isiyo na sindano, huuzwa duka la dawa kwa pesa kidogo sana. Kalamu na kalenda ya ukutani, hata ile ya mwaka jana. Kitambaa safi. Neti iliyotundikwa, si iliyokunjwa kabatini ikingojea wageni. Na mahali pa juu penye kufungika pa kuweka chupa.

Kijiko cha jikoni hakimo kwenye orodha hii. Mimi mwenyewe, kwa mwanangu wa kwanza, kabla sijasomea uuguzi, niliambiwa "kijiko kimoja kidogo" na muuzaji mmoja wa dawa, nikachukua kijiko cha sukari. Chupa iliyotakiwa kukaa mwezi iliisha siku kumi na mbili. Mtoto alifunga choo mpaka nikalia naye. Kwa bahati dawa yenyewe ilikuwa nyepesi.

Hatua za kumpa dawa ya damu

1. Mpime uzito wiki hii. Uzito wa mwezi wa pili hautumiki mwezi wa tano. Kama kliniki ni mbali, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako huenda ana mizani.

2. Apimwe malaria kama ana dalili yoyote, na apimwe kiwango cha damu. Ni tone la kidole au kisigino, dakika chache. Kwa miaka mingi tumesema chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu wa damu kwa mtoto mdogo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha mpaka hadi 10.5 kwa wa miezi 6 hadi 23, kwa hiyo usishangae ukisikia tarakimu mbili tofauti. Nyumbani unaweza kulinganisha kiganja chake na chako. Kiganja kilichopauka hukwambia umpeleke kliniki, ila hakikwambii umnunulie dawa.

3. Soma chupa, na hapa chukua muda wako. Unatafuta jambo moja: mililita moja ya dawa hii ina miligramu ngapi za chuma chenyewe? Kwenye lebo tafuta neno "elemental". Tarakimu kubwa iliyo mbele mara nyingi ni uzito wa chumvi yote iliyobeba chuma, sio chuma. Mfano, kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65 tu. Usipoliona neno hilo, mwombe mfamasia akuandikie kwa kalamu juu ya boksi.

Sasa fanya hesabu nami. Tuseme mtoto ana kilo 4, na daktari ameandika miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku. Anahitaji miligramu 8. Chupa ya kwanza imeandikwa miligramu 50 katika mililita 5, yaani 10 katika kila mililita. Utampa mililita 0.8. Chupa ya pili ni ya matone, ina miligramu 25 katika mililita 1. Hapo utampa mililita 0.3, basi. Ukikosea ukampa ya pili kwa kijiko cha mililita 5, umempa miligramu 125, zaidi ya 31 kwa kila kilo. Sumu ya chuma huanza kuonekana kwenye miligramu 20 kwa kilo. Mtoto ni yuleyule na dawa ya damu ni ileile, ila chupa zimetofautiana. Ndiyo maana swali la "vijiko vingapi" huwa silijibu.

Ukishapata jibu, weka alama kwenye sirinji kwa kalamu isiyofutika au kipande kidogo cha plasta. Usiku bila stima utanishukuru.

4. Chagua saa moja ya siku na uifunge na jambo lisilosahaulika. Wengi hupenda baada ya kuoga asubuhi, katikati ya nyonyesho mbili. Chuma hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini likimchafuka mpe baada ya kunyonya kidogo. Maziwa ya mama hayana shida kubwa. Maziwa ya ng'ombe, ya kopo, na chai ndivyo vinavyobana chuma, kwa hiyo viachane na dawa kwa saa moja au mbili.

5. Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa kama lebo inasema hivyo. Vuta dawa, inua sirinji usawa wa macho, gonga kidogo kapovu katoke, kisha sahihisha kipimo.

6. Mpakate akiwa nusu ameketi, kichwa kwenye kiwiko chako. Ingiza ncha ya sirinji pembeni, ndani ya shavu, upande wa nyuma, usukume kidogokidogo akimeza. Kisha mpe ziwa asafishe mdomo.

Usimlaze chali na kummiminia. Na ule mtindo wa kumbana pua ili ameze, ambao nyanya zetu walituletea nao uji, tuuzike. Dawa ikiingia mapafuni huna tena kazi ya damu, una kazi ya kichomi. Usiweke dawa kwenye kikombe au chupa nzima ya maziwa pia, asipoimaliza hutajua amekunywa kiasi gani. Na usichanganye na asali ili iwe tamu: asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

7. Pangusa ufizi na meno kwa kitambaa chenye maji safi. Dawa ya chuma huacha madoa. Nguo ikipakwa, ndivyo itakavyokaa, mfunge kitambaa kifuani.

8. Tia alama kwenye kalenda, na aliyetia alama ndiye aliyempa. Nyumba zetu zina mama, shangazi, msichana wa kazi na bibi, na kila mmoja anampenda mtoto. Nimeona mtoto aliyepewa dawa mara tatu kwa siku kwa mapenzi. Ukisahau leo, endelea kesho na kipimo cha kawaida, usirudufu. Akitapika baada ya kumeza, usimrudishie, ngoja kesho.

9. Funga kifuniko hadi kibane, weka juu, mbali na joto la jiko. Kama nyumbani kuna chupa zaidi ya moja, kwa mfano mtoto anakunywa pia nevirapini au Septrin, funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila chupa, na kila chupa iwe na sirinji yake.

10. Rudi kliniki baada ya mwezi. Mtoto ameongeza kilo, kwa hiyo mililita nazo zinaweza kubadilika. Kama alianzishiwa kwa upungufu wa damu, kipimo kinapaswa kuwa kimepanda. Kikipanda usiache, dawa huendelea miezi miwili mitatu zaidi ili akiba ijae, ingawa mtoto keshachangamka. Kisipopanda, tutatafuta sababu nyingine: malaria ya kujirudia, selimundu, minyoo kwa aliyepita mwaka, au dawa ambayo kwa kweli haijafika tumboni.

Matone ya vitamini D

Hatua ni zilezile, ila kosa lake ni la aina yake. Kuna vichupa ambavyo yuniti 400 zimo katika tone moja, na vingine zimo katika mililita nzima. Mama aliyezoea kile cha mililita, akinunua kile cha tone, humjazia mtoto yuniti maelfu bila kujua. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili hili. Tumia kitoneshi kilichokuja na chupa hiyo, usikopeshe kwa chupa nyingine.

Vitamini A

Hii huna haja ya kununua. Kliniki hutoa bure: mtoto akifika miezi sita, kapsuli ya buluu yenye yuniti 100,000, akifika mwaka, ile nyekundu ya yuniti 200,000, na baada ya hapo kila miezi sita mpaka afikishe miaka mitano. Nesi hukata ncha kwa mkasi na kumdondoshea mdomoni, mtoto hamezi ganda. Kaunti zetu za ziwa zina bahati ya kalenda, maana chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, nayo huanza miezi sita. Safari moja, mambo mawili.

Kila anapopewa iandikwe kitabuni, hasa wakati wa kampeni ya Malezi Bora mwezi wa tano na wa kumi na moja, wahudumu wanapopita nyumba kwa nyumba na shuleni. Onyesha kitabu ili asipewe mara mbili ndani ya wiki chache. Akizidishiwa anaweza kutapika na utosi ukafura.

Unga wa virutubishi

Watu wa Nyando wanaujua tangu 2007, kina mama wa vikundi walipouza pakiti zake nyumba kwa nyumba pamoja na sabuni na dawa ya kutibu maji. Ni pakiti ya gramu moja, ya mtoto wa miezi 6 hadi 23 ambaye tayari anakula. Pika chakula kizito kama uji mzito, viazi vilivyopondwa au ugali laini na mchuzi, kiache kipoe hadi aweze kula, tenga kijisehemu atakachomaliza hakika, nyunyiza pakiti yote, koroga, amalize ndani ya nusu saa. Usiupike, usiutie kwenye maji, maziwa au chai. Pakiti haigawanywi kwa ndugu wawili, na haizidi moja kwa siku. Fuata siku ulizoandikiwa. Anayekunywa dawa ya damu ya chupa haongezewi unga huu isipokuwa daktari amesema. Ukimwona na homa, simamisha unga mpaka atibiwe.

Chakula, kwa sababu chupa huisha

Akifika miezi sita endelea kunyonyesha na umwanzishie chakula chenye chuma. Nashangaa mama anayeishi karibu na ufuo wa Dunga akiniuliza jina la dawa ya nje ilhali omena, wale dagaa wa ziwani, ameipita njiani. Omena ioshe, ikaushe, ikaange bila mafuta, isage peke yake, kijiko kimoja kwenye mboga au uji uliokwisha iva. Usiisage pamoja na wimbi, karanga na soya mbichi katika gunia moja. Huo uji wa mchanganyiko huharibika upesi, na kila nafaka ina muda wake wa kuiva. Maini ni mazuri, kipande kidogo mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa sababu yamejaa vitamini A. Maharagwe na ndengu zilowekwe usiku. Wimbi lililochachushwa huachia chuma chake kwa urahisi zaidi. Mboga za majani kama managu, terere na mrenda ni vyema ukiziongezea nyanya au tone la ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kupita. Kwa vitamini A, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, sokoni Kibuye havikosekani.

Unga wa pakiti wa mahindi huongezwa chuma, ni sheria tangu 2012. Unaosiaga mwenyewe kwa posho mill haukuongezwa kitu. Si vibaya, ila usiuhesabu.

Chai ya rangi usimpe mtoto kabisa. Na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka mmoja. Yana chuma kidogo na yanaweza kumkwaruza utumbo akavuja damu usiyoiona.

Mambo yakienda mrama

Choo cheusi au kijani kibichi. Ni chuma kisichofyonzwa kinatoka. Kawaida kabisa. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na mtoto ni mnyonge, au kina damu nyekundu, mlete.

Amefunga choo. Hakikisha kwanza kipimo, kisha mnyonyeshe zaidi. Aliyeanza chakula ongeza maji, papai na parachichi. Ikiendelea, daktari anaweza kugawa kipimo mara mbili kwa siku au kubadilisha aina ya dawa. Usimpake sabuni makalioni.

Anatapika kila mara. Mpe baada ya kunyonya, polepole zaidi. Ikiendelea siku tatu, simamisha na urudi.

Ana homa tangu jana. Simamisha dawa ya damu na akapimwe malaria leo, si kesho.

Anahara. Mpe maji ya ORS na zinki: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14. Zinki si dawa ya damu na haichukui nafasi yake.

"Mimi nikinywa vidonge vya damu, si maziwa yatakuwa na chuma?" Vidonge vitakusaidia wewe, na ni muhimu. Chuma cha maziwa hakipandi kwa hivyo. Vitamini A na B12 za maziwa ndizo hutegemea sahani yako, kwa hiyo mama asiyekula samaki, nyama, mayai wala maziwa aseme kliniki.

Dukani wamenipa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Rudisha. Nyingi zina dawa ya kulaza usingizi ndani yake, na si za mtoto wa umri huu. Maji ya tumbo nayo si vitamini.

Mtoto amekunywa chupa, au ameokota vidonge vyako vya ujauzito. Hii ndiyo hofu yangu kubwa, kwa sababu kidonge kimoja cha mama kina chuma miligramu 60, na vingine huonekana kama peremende. Usimtapishe, usimpe mkaa wala maziwa ukingoja uone. Anaweza kutapika, kisha akatulia saa kadhaa ukadhani amepona, wakati chuma kinaharibu ini. Panda boda uende hospitali kubwa iliyo karibu, hata kama ni saa nane usiku. Beba chupa na vidonge vilivyobaki, daktari atavihesabu.